Baroni Nishi: Bingwa wa Olimpiki aliyekosa muda wa kumpanda farasi wake

ALASIRI ya Agosti 14, 1932, siku ya kufunga Michezo ya Olimpiki, uwanja mkuu wa jiji la Los Angeles ulifurika watu wapatao 100,000. Shindano la mwisho lilikuwa la farasi wa kuruka vizuizi, na njia iliyopangwa ilikuwa ngumu kupita kiasi. Wapanda farasi 11 walianza, lakini hata nusu yao hawakufika mwisho. Kati ya waliofika alikuwemo luteni mmoja wa jeshi la Japani mwenye umri wa miaka 30, aliyeketi juu ya farasi mrefu mwenye alama nyeupe ya nyota katika paji la uso. Luteni huyo aliitwa Takeichi Nishi. Farasi wake aliitwa Uranus.

Wawili hao waliondoka uwanjani na medali ya dhahabu. Tangu siku hiyo hadi leo, Japani haijapata dhahabu nyingine ya Olimpiki katika michezo ya farasi.

Ushindi huo umesimuliwa mara nyingi, na kifo cha Nishi katika kisiwa cha Iwo Jima miaka 13 baadaye kimesimuliwa zaidi. Lisilosemwa sana ni kwamba mtu huyu, aliyekuwa na mali, cheo na farasi ambaye majeshi ya Ulaya yangemwonea wivu, alipungukiwa na kitu kimoja tu katika maisha yake, nacho ni muda wa kukaa na mnyama huyo. Muda wake ulikuwa wa jeshi.

Nishi alizaliwa jijini Tokyo mnamo Julai 12, 1902. Baba yake, Baroni Tokujiro Nishi, alikuwa mwanadiplomasia mashuhuri aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, na baadaye mjumbe wa Japani mjini Beijing wakati wa maasi ya mwaka 1900. Mama yake hakuwa mke wa ndoa, na mtoto alipozaliwa mama huyo aliondolewa katika nyumba ile. Takeichi alikua bila kulelewa naye. Baba naye aliaga dunia mwaka 1912, kabla kijana hajatimiza miaka kumi. Hivyo, katika umri ambao watoto wengine bado wanatumwa dukani, yeye alikuwa tayari amerithi jina la baroni, jumba kubwa na utajiri ambao hakuna mtu wa karibu wa kumfundisha namna ya kuutumia.

Aliutumia kwa namna yake. Alipenda pikipiki, kisha magari ya kifahari ya Marekani, na zaidi ya yote alipenda farasi. Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mcheshi, mkarimu kupindukia na asiyejali sana kanuni ndogondogo. Hata nywele zake alizifuga, ilhali maafisa wenzake walinyoa vichwa kama desturi ya jeshi ilivyotaka.

Kwa kijana wa tabaka lake, njia ya uanajeshi ilikuwa ya kawaida. Alipitia shule za makadeti, akaingia chuo cha maafisa wa jeshi, akahitimu mwaka 1924 na kupelekwa katika kikosi cha kwanza cha wapanda farasi. Wakati huo wapanda farasi bado walihesabiwa kuwa fahari ya jeshi lolote duniani, ingawa Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba farasi hana la kufanya mbele ya bunduki za rashasha na seng'enge. Nishi aliingia katika kazi ambayo ilikuwa inakufa. Pengine hakuliona hilo, au aliliona na hakujali.

Mwaka 1930 habari zilimfikia kutoka Italia. Kulikuwa na farasi mmoja huko, mzaliwa wa Ufaransa, ambaye afisa wa Kiitalia aliyekuwa naye alikuwa ameshindwa kummudu. Alikuwa mkubwa ajabu. Inasemekana kimo chake hadi mabegani kilikaribia sentimita 181, yaani urefu wa mwanamume mrefu aliyesimama wima. Alikuwa mkaidi na mwepesi wa hasira, lakini aliporuka, hakuna aliyetilia shaka kipawa chake.

Nishi alilitaka jeshi limnunue. Jeshi halikukubali kutoa fedha. Baroni akasafiri hadi Italia na kumnunua kwa fedha zake mwenyewe. Jambo hilo dogo lilikuja kuwa na maana kubwa, kwa sababu tangu siku hiyo Uranus alikuwa mali ya mtu binafsi, ilhali mtu huyo mwenyewe alikuwa mali ya serikali.

Msomaji aliyezoea mashindano ya mbio kule Ngong anapaswa kukumbuka kwamba mchezo wa kuruka vizuizi ni tofauti kabisa. Mbio ni kasi, na jokii anaweza kumpanda leo farasi ambaye hajawahi kumwona. Katika kuruka vizuizi, mpandaji na mnyama huhitaji kufahamiana kama watu wawili wanaobeba meza moja kupitia mlango mwembamba. Farasi anapaswa kujua uzito wa mwili wa mpandaji wake unapoegemea mbele, anapaswa kuielewa hatamu inapolegezwa kwa kadiri ya kidole kimoja, na anapaswa kumwamini mtu aliye mgongoni mwake kiasi cha kurukia asichokiona upande wa pili. Ufahamu huo hauji kwa wiki moja. Tena hauhifadhiki, maana farasi aliyeachwa zizini miezi kadhaa hupoteza misuli, pumzi na utii kwa pamoja.

Kwa bahati, katika miaka hiyo miwili ya mwanzo jeshi lilimpa Nishi nafasi. Alibaki Ulaya kwa kipindi, akashiriki mashindano mbalimbali akiwa na Uranus na kupata matokeo mazuri. Farasi ambaye wengine walishindwa kumpanda akawa anamsikiliza mtu mmoja. Siri ya jambo hilo haikuwa ya ajabu. Nishi alikuwa na mkono mwepesi, hakumlazimisha mnyama, na alikuwa na saa za kutosha kila siku za kuwa naye. Ukiyatazama maisha yake yote, hiki ndicho kipindi pekee ambacho kipawa cha farasi na muda wa mwenye farasi vilikutana.

Walipowasili Los Angeles mwaka 1932, hali ya kisiasa ilikuwa mbaya. Majeshi ya Japani yalikuwa yameivamia Manchuria Septemba 1931 na dunia ilikuwa inanung'unika. Katika jimbo la California, Wajapani walizuiwa kumiliki ardhi kwa sheria ya mwaka 1913, na tangu 1924 sheria ya Marekani ilikuwa imefunga kabisa mlango wa wahamiaji kutoka kwao. Katika mazingira hayo, afisa wa jeshi la Japani hakutarajiwa kupendwa.

Nishi alipendwa. Alizungumza na watu bila kiburi, akaendesha gari la wazi barabarani, akafanya urafiki na wacheza filamu Douglas Fairbanks na Mary Pickford, waliokuwa nyota wakubwa wa wakati huo. Baada ya ushindi, jiji la Los Angeles lilimfanya raia wa heshima. Kwa Wajapani waliokuwa wakiishi California, waliozoea kudharauliwa mitaani, kumwona mwenzao akishangiliwa na umati wa Wamarekani kulikuwa na uzito ambao medali yenyewe haiwezi kuupima.

Shindano lenyewe lilikuwa hivi. Kila kizuizi kilichoangushwa na kila mara farasi alipogoma kuruka kulimpa mpandaji alama za makosa, na mwenye makosa machache ndiye aliyeshinda. Vizuizi virefu zaidi vilifikia mita 1.60. Mwamerika Harry Chamberlin, mpandaji hodari aliyekuwa akitarajiwa na wenyeji, alimaliza na makosa 12 juu ya farasi wake Show Girl. Clarence von Rosen wa Uswidi alikuwa na 16. Nishi na Uranus walimaliza na manane. Inasimuliwa kwamba katika kizuizi kimoja kirefu Uranus aliipinda miguu yake ya nyuma upande ikiwa hewani ili isiguse gogo, kitendo ambacho farasi hafundishwi bali hukibuni mwenyewe akitaka kuvuka.

Waandishi wa habari walipomtaka aeleze ushindi wake, baroni hakujitaja peke yake. Alijibu kwa wingi, akimaanisha yeye na farasi.

Ni haki pia kumtaja Mjapani mwingine wa michezo ile, Luteni Kanali Shunzo Kido, ambaye hakupata medali yoyote. Katika shindano la masafa marefu, akiwa amekaribia kabisa mwisho, Kido alihisi kwamba farasi wake mzee, Kyugun, alikuwa amechoka kiasi cha kufa. Akashuka na kuacha shindano. Wamarekani walimtengenezea bamba la kumbukumbu kwa tendo hilo.

Dhahabu ilimletea Nishi umaarufu, lakini haikumwongezea hata saa moja. Alirudi Japani, akapandishwa cheo, akawekwa kufundisha maafisa katika shule ya jeshi ya wapanda farasi. Huko angalau alibaki karibu na wanyama. Ila kufundisha ni kazi ya kuwatazama wengine wakipanda, na jeshi lililokuwa likijiandaa kwa vita kubwa lilikuwa na mahitaji mengi yasiyohusiana na kuruka magogo. Uranus naye alikuwa anazeeka. Inaaminika alizaliwa mwaka 1919, hivyo wakati wa Olimpiki ya Berlin ya 1936 alikuwa na miaka kama 17, umri ambao farasi wengi wa mchezo huo wamekwisha kupumzishwa.

Walikwenda Berlin hata hivyo. Hawakupata medali. Mjerumani Kurt Hasse ndiye aliyetwaa dhahabu, na mjini Tokyo ukazuka uvumi kwamba Nishi alijiangusha makusudi ili kuwafurahisha wenyeji, kwa kuwa Japani na Ujerumani zilikuwa zikijongeleana. Hakuna ushahidi wa hilo, na maelezo mepesi zaidi yapo: farasi alikuwa mzee, na mpandaji wake hakuwa tena na siku nzima za kumfanyia mazoezi kama zamani. Watu hupenda kusikia njama mahali ambapo sababu ni uchovu tu.

Tumaini lililobaki lilikuwa Olimpiki ya 1940, ambayo jiji la Tokyo lilikuwa limepewa. Lakini vita na China vilianza Julai 1937, na mwaka uliofuata serikali ya Japani ikairudisha heshima hiyo. Katika mtaa wa Setagaya jijini humo, uwanja wa farasi ulioitwa Bajikoen ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya kuwafunza wapandaji wa michezo hiyo. Ulifunguliwa 1940, mwaka ambao michezo haikuwepo. Uranus alipelekwa kuishi huko.

Nishi alipelekwa kwingine. Kwa muda alifanya kazi Hokkaido, kaskazini ya nchi, katika idara iliyohusika na kulisha na kugawa farasi wa jeshi. Kisha farasi wenyewe wakaanza kutoweka jeshini. Vikosi vya wapanda farasi viligeuzwa kimoja baada ya kingine kuwa vikosi vya vifaru, na maafisa waliojua kwato na lijamu wakaambiwa wajifunze injini na mizinga. Mwaka 1944 Nishi, sasa akiwa luteni kanali, alikuwa kamanda wa kikosi cha 26 cha vifaru huko Manchuria.

Waandishi wengine wameona kwamba alisukumwa mbali kwa sababu ya tabia zake za kimagharibi na marafiki zake wa Marekani. Inawezekana. Lakini maafisa wengi wa wapanda farasi ambao hawakuwa na rafiki hata mmoja Hollywood walipata amri kama hiyo.

Katikati ya mwaka 1944 kikosi chake kiliamriwa kwenda Iwo Jima, kisiwa kidogo cha kilomita za mraba 21 hivi, umbali wa kilomita zipatazo 1,200 kusini ya Tokyo. Jina lake maana yake ni kisiwa cha kiberiti. Hakina chemchemi za maji, na ardhi yake hutoa moshi wa moto ulio chini. Mnamo Julai 18, meli iliyowabeba, Nisshu Maru, ilipigwa na nyambizi ya Marekani iliyoitwa Cobia. Karibu wanajeshi wake wote waliokolewa, lakini vifaru 28 vilizama baharini.

Ajali hiyo ndiyo iliyompa Nishi fursa ambayo jeshi halingempa. Ilimbidi arudi Tokyo kutafuta vifaru vingine. Alifanikiwa kupata 22. Na katika siku hizo chache za kuzunguka ofisi za makao makuu, alikwenda Bajikoen.

Uranus alikuwa na miaka 25. Masimulizi ya siku ile yanakubaliana katika jambo moja: mnyama alizitambua hatua za mwenyewe kabla hajamfikia, akaanza kuchezacheza kwa furaha, na Nishi alipokaribia akamsugua kwa shingo na kumng'ata taratibu kwa namna ya farasi anayebembeleza. Afisa yule, ambaye tangu ujana alikuwa amemiliki vitu vingi kwa fedha, alikata kishungi kidogo cha nywele za shingo ya farasi wake na kukitia mfukoni. Alikichukua kishungi hicho hadi Iwo Jima, pamoja na kiboko cha kupandia alichokuwa nacho siku ya ushindi wa Los Angeles.

Kisiwani aliyeongoza ulinzi alikuwa Jenerali Tadamichi Kuribayashi, naye pia mpanda farasi wa zamani, tena aliyewahi kusoma Marekani. Ilikuwa sadfa ya uchungu kwamba wanaume wawili walioijua na kuipenda nchi ile ndio waliopewa kazi ya kufa wakipigana nayo. Nishi alitaka vifaru vyake vitembee na kushambulia, kama farasi walivyofanya zamani. Ardhi ya majivu na mawe haikuruhusu. Hatimaye vilizikwa ardhini, mizinga peke yake ikibaki juu, na kamanda wao akawa mpanda farasi asiyekuwa na cha kupanda.

Wamarekani walitua Februari 19, 1945. Vita vilidumu zaidi ya mwezi mmoja. Japani ilikuwa na askari wapatao 21,000 kisiwani, na walio wengi mno walikufa. Upande wa Marekani walikufa karibu 6,800. Inasimuliwa kwamba Nishi aliamuru askari mmoja wa Kimarekani aliyejeruhiwa na kutekwa atibiwe, wakati dawa zilikuwa haziwatoshi hata watu wake.

Ipo pia hadithi maarufu kwamba Wamarekani, walipojua yumo mapangoni, walimwita kwa vipaza sauti wakimsihi Baroni Nishi ajisalimishe kwa kuwa dunia ingesikitika kumpoteza. Hadithi hiyo imerudiwa miaka mingi, lakini haina uthibitisho wa kutosha. Yaelekea iliundwa baadaye na watu waliotaka vita vile viwe na chembe ya uungwana.

Namna alivyokufa haijulikani kwa hakika. Wapo wasemao alipigwa risasi akiongoza shambulio la mwisho, na wapo wasemao alijiua. Tarehe inayotajwa zaidi ni Machi 22, 1945. Alikuwa na miaka 42, akaacha mke, Takeko, na watoto. Baada ya kufa alipandishwa cheo kuwa kanali.

Uranus alikufa Bajikoen mwishoni mwa mwezi huohuo, takriban wiki moja baada ya mwenyewe. Tokyo ilikuwa imechomwa kwa mabomu wiki chache kabla, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwombolezea farasi mzee.

Uwanja ule wa Bajikoen ulikuja kutumika kwa kazi uliyojengewa, tena mara mbili, katika Olimpiki za Tokyo za mwaka 1964 na ile iliyofanyika 2021. Mwaka 2006 mwongozaji filamu Clint Eastwood alimfufua Nishi katika filamu yake kuhusu vita vya Iwo Jima, na kizazi kipya kikamfahamu. Mnamo Julai 2024, mjini Paris, timu ya Japani ilitwaa shaba katika mashindano ya farasi ya siku kadhaa. Ilikuwa medali ya kwanza ya nchi hiyo katika michezo ya farasi tangu alasiri ile ya Los Angeles, miaka 92 nyuma.

Kile kishungi cha nywele hakikupotea. Kilionekana Marekani mwaka 1990, kikarejeshwa Japani. Sasa kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji mdogo wa Honbetsu, huko Hokkaido.